Nishani za Upande wa Kulia

Fumba macho kidogo. Fikiria nyumba mbili ndogo zilizopakana. Katikati yake kuna ua wa mbao.

Ubao mmoja wa ua huo umeng'oka. Limebaki pengo. Mtu mzima hapiti hapo, lakini mtoto wa miaka sita anapita.

Mtoto huyo ni Yusta.

Yusta alitoka Kigoma pamoja na Mama, Baba na mdogo wake Gaspari. Sasa walikaa Australia, katika mji mdogo wenye barabara moja kubwa.

Huko majani ya miti huanguka mwezi wa nne. Yusta aliyaona yakidondoka, feee, feee, akadhani miti inaumwa.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Bibi Doti. Nywele zake zilikuwa nyeupe kama pamba, na birika lake la chai halikupoa.

Mama aliposikia jina hilo alicheka. Kwao doti ni jozi ya khanga. Mama alisema hajawahi kukaribishwa chai na khanga.

Kila siku baada ya shule Yusta alikwenda penye pengo. Mguu kwanza. Kisha kichwa. Kisha Yusta mzima.

"Shikamoo, Bibi," alisema.

Yusta alikuwa amemfundisha Bibi Doti kuitikia "marahaba". Bibi Doti alijitahidi sana.

"Maharage," aliitikia Bibi Doti.

Yusta alicheka mpaka akashika tumbo. Bibi Doti hakujua kinachochekesha, lakini naye alicheka.

Siku moja Bibi Doti alileta mezani kopo la biskuti. Yusta akanyoosha shingo.

Kopo likafunguka, kop. Ndani hamkuwa na biskuti hata moja.

Kulikuwa na kijiko cha bati. Kulikuwa na nishani tatu za askari, zinaning'inia kwenye tepe za rangi. Bibi Doti alipoziinua, ziligongana: cheng, cheng, cheng.

Na chini kabisa kulikuwa na picha ndani ya fremu.

Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe. Vijana watatu walisimama mbele ya hema. Kofia zao zilikuwa pana, na upande mmoja umekunjwa juu.

Mikono yao ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Yusta aliuliza kama wamevaa glavu.

Bibi Doti akasema hapana, kwa Kiingereza cha polepole na ishara za mikono. Ule ulikuwa unga.

Walikuwa askari, na kazi yao ilikuwa kuoka mikate ya askari wenzao. Zamani, wakati wa vita vikubwa, walipelekwa kisiwa cha mbali chenye mvua na matope mengi.

Bibi Doti alisema vita ni jambo baya. Watu wanapigana kwa bunduki na mabomu, na wengine hawarudi nyumbani. Lakini hata vitani, watu wanaamka na njaa. Mtu lazima aoke mkate.

Akaweka kidole juu ya kioo cha picha.

Huyu Wili. Huyu Lesi. Huyu Nomu.

Wili alikuwa baba yake Bibi Doti. Wili alirudi nyumbani. Lesi naye alirudi. Nomu hakurudi.

Yusta naye akaweka kidole. Huyu Wili. Huyu Lesi. Alipofika kwa Nomu alikwenda polepole. Huyu Nomu.

Bibi Doti akaeleza habari nyingine. Kila mwaka, mwezi wa nne, kuna siku ya kuwakumbuka askari. Inaitwa siku ya Anzac.

Siku hiyo watu wanatembea pamoja katika barabara kubwa. Wanavaa nishani za baba zao na babu zao. Wengine wanabeba picha.

Bibi Doti alimbeba baba yake kila mwaka, kwa miaka hamsini. Lakini mwaka huu goti lake lilikuwa limefungwa bandeji. Daktari alimwambia asitembee mbali.

Hakuwa na mtoto. Hakuwa na mjukuu. Akaiangalia picha, akaufunika mdomo kwa mkono.

"Sasa nani atambeba Wili?" akasema.

Yusta akanyoosha mkono juu, kama darasani.

Bibi Doti akautazama mkono ule. Kisha akachechemea mpaka kwenye ua, akamwita Mama.

Wakazungumza kwa Kiingereza, harakaharaka. Kiingereza cha Yusta kilikuwa bado kidogo. Alisikia "Yusta". Alisikia "chai". Mengine yalimpita.

Jioni Mama akamkalisha kitako. Bibi Doti amekubali, alisema. Yusta ataibeba picha na kuvaa nishani zote tatu. Ila kuna utaratibu wake.

"Aliyekwenda vitani mwenyewe huvaa upande wa kushoto," Mama alisema. "Sisi tunaomkumbuka tunavaa upande wa kulia. Usisahau, mwanangu. Upande wa kulia."

Yusta aliitikia, "Ndiyo, Mama." Lakini moyo ulimruka.

Unajua kwa nini?

Mkono wa kushoto Yusta aliujua. Mkono wa kula aliujua pia. Kila siku mezani Mama alimwambia, kula kwa mkono wa kula.

Lakini kulia alikujua kwa namna moja tu. Kulia ni machozi.

Basi kumbe kifua kina upande wa kulia, Yusta aliwaza. Ukivaa nishani upande huo, ni lazima ulie.

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Yusta hakuwa mtoto wa kulia.

Hakulia alipochomwa sindano. Hakulia kwenye ndege, masikio yalipoziba. Siku alipoanguka na baiskeli alisema "lo" tu, akasimama.

Sasa zilibaki siku tano. Kama hataweza kulia, hataweza kuvaa nishani. Na asipovaa, nani atambeba Wili?

Siku ya kwanza Yusta alisimama mbele ya kioo. Akakunja uso. Akakaza macho. Akangoja.

Wapi. Hata tone.

Siku ya pili Baba alikuwa anakata vitunguu jikoni, kacha kacha kacha. Yusta akapanda kwenye kigoda akasogeza pua karibu.

Baba akalia. Mama akapita kuchukua chumvi, naye akalia. Gaspari mgongoni kwa Mama akalia kwa sauti.

Yusta akakunja uso. Akakaza macho. Akangoja.

Wapi. Hata tone. Baba akamuuliza anatafuta nini kwenye vitunguu. Yusta akasema hakuna.

Siku ya tatu alijaribu kufikiria jambo la huzuni. Akamfikiria mbuzi wake, Kidevu, aliyebaki Kigoma kwa Babu.

Maskini Kidevu, yuko peke yake. Kisha Yusta akakumbuka siku Kidevu alipokula kofia ya Babu, na Babu akamkimbiza kuzunguka nyumba akimwita mwizi.

Yusta akacheka mpaka akaanguka kitandani. Hata tone.

Siku ya nne Gaspari alivalishwa soksi. Hakuzipenda. Akalia machozi makubwa, tiririri, mpaka shingoni.

Yusta alimtazama kwa wivu. Gaspari analia bila hata kujaribu. Labda nishani angepewa Gaspari.

Lakini Gaspari hajui kutembea. Na angezilamba.

Siku ya tano ilikuwa siku yenyewe. Jua lilikuwa limetoka, na majani yalikuwa yanaanguka, feee, feee.

Mama alimvalisha Yusta gauni la bluu. Akamsuka vizuri. Yusta alikaa kimya, na Mama alidhani ni woga wa watu wengi.

Mama alipokwenda kumtafutia Gaspari kofia, Yusta alitoka nje. Akaenda penye pengo. Mguu kwanza. Kisha kichwa. Kisha Yusta mzima.

Bibi Doti alikuwa amevaa koti lake zuri. Nishani zilikuwa mezani, zimesuguliwa mpaka zinang'aa. Wili, Lesi na Nomu walikuwa pembeni yake, wamefutwa vumbi.

Yusta alisahau hata kuamkia. Akasema kwa Kiingereza chake kidogo, "Bibi, mimi siwezi. Siwezi kulia."

Bibi Doti akainama, japo goti lilimuuma. Akauliza nani amemwambia alie.

Yusta akasema ni Mama. Akagusa kifua chake, upande ambao nishani zingekaa, kisha akagusa macho. Bibi Doti akatikisa kichwa. Hakuelewa kitu. Akaenda uani, akamwita Mama.

Mama akaja na Gaspari mgongoni. Yusta akamwambia yote kwa Kiswahili. Kioo. Vitunguu. Kidevu na kofia ya Babu. Amejaribu siku nne, na machozi hayaji.

Mama akachuchumaa mbele yake. Kisha akasema, "Hebu nionyeshe mkono wako wa kula."

Yusta akainua mkono wa kula.

"Huo ndio unaoitwa mkono wa kulia," Mama alisema. "Na upande wake wote ni upande wa kulia. Bega hili, sikio hili, mguu huu."

Yusta akatazama mkono wake. Akatazama mguu wake.

"Kwa hiyo si machozi?"

"Si machozi, mwanangu."

Yusta alitoa pumzi ndefu, fyuuu, kama mpira unaotoka upepo.

Bibi Doti alitaka kujua wanazungumza nini. Mama akamweleza kwa Kiingereza. Bibi Doti alicheka mpaka machozi yakamtoka, na ikabidi akae kwenye kiti.

Yusta aliona machozi hayo yanakuja kirahisi namna gani. Akanuna kidogo.

Bibi Doti akamshika mkono. Akasema yeye amekuwa akiitikia maharage tangu mwaka jana, na mpaka jana jioni hakuna aliyemwambia ni chakula. Basi wako sawasawa.

Yusta akacheka. Kisha akawa na swali moja tena.

"Na nikilia kweli?"

"Ukilia, si kosa," Mama alisema. "Usipolia, si kosa. Wewe tembea tu, na umbebe vizuri."

Bibi Doti akamvalisha nishani mwenyewe. Pini ikaingia, tik. Upande wa kulia.

Yusta akaruka mara moja kujaribu. Cheng, cheng, cheng.

Ilipofika saa nne asubuhi, barabara kubwa ilikuwa imejaa watu. Kulikuwa na wazee wenye nishani upande wa kushoto, na watoto wenye nishani upande wa kulia. Kulikuwa na picha nyingi kama ile ya Bibi Doti.

Mzee mmoja mwenye karatasi alikuwa anawapanga watu. Alimfahamu Bibi Doti. Akamtazama Yusta, akauliza huyu ni jamaa wa upande gani.

Bibi Doti akajibu, "Wa upande wa pili wa ua."

Mzee akafikiri kidogo. Akaandika hivyohivyo.

Mama akamsaidia Bibi Doti kwenda mbele, kwenye kona ya posta. Hapo wakaweka kiti cha kukunja. Baba akabaki kutembea na Yusta, amembeba Gaspari.

Tarumbeta likapigwa. Watu wote wakanyamaza kwa dakika moja. Hata Gaspari alinyamaza, kwa sababu alikuwa amepata kidole cha Baba cha kutafuna.

Dakika moja ni ndefu. Yusta akawatazama wale watatu. Huyu Wili. Huyu Lesi. Huyu Nomu.

Kisha ngoma ikaanza. Ndu, ndu, ndu. Watu wakaanza kutembea.

Ngoma ilikuwa inalia, ndu, ndu, ndu. Nishani zilikuwa zinalia, cheng, cheng, cheng. Yusta peke yake ndiye hakulia.

Alitembea. Aliinua picha juu, karibu na kidevu. Mwanamke mmoja kando ya barabara akamuuliza anambeba nani.

"Wili," Yusta alisema. "Alioka mikate."

Lakini picha ina fremu, na fremu ina uzito. Walipopita duka la viatu, mikono ilianza kuuma. Picha ikashuka mpaka kifuani.

Walipopita shule, ikashuka mpaka tumboni. Baba akamuuliza kama amsaidie.

Yusta akatikisa kichwa. Alikuwa ameona kona ya posta, na kwenye kona ile nywele nyeupe kama pamba.

Akavuta pumzi. Akaiinua picha juu, juu zaidi, juu ya kichwa chake. Akaigeuza kidogo ili itazame kona ya posta.

Bibi Doti alipoiona, aliinuka kwenye kiti. Alishika bega la Mama, akasimama wima.

Hakupunga mkono. Hakuita. Alitazama tu, mpaka picha ikapita mbele yake, mpaka ikafika kwenye mti, mpaka ikakata kona.

Ngoma iliponyamaza, Yusta akarudi mbio, cheng cheng cheng cheng. Alimkuta Bibi Doti bado amesimama.

Yusta alitaka kusema samahani. Picha ilishuka mara mbili, na mara moja Wili alikuwa ameinama kabisa.

Bibi Doti akazungumza kwanza. Alizungumza polepole, neno moja baada ya jingine, ili Yusta aelewe mwenyewe bila Mama kumtafsiria.

"Miaka yote nilimbeba mimi," alisema. "Nilikuwa nyuma ya picha. Sikuwahi kumwona akipita."

Akashusha pumzi.

"Leo nimemwona Baba akipita."

Yusta akafikiri juu ya jambo hilo. Miaka hamsini ni mingi.

"Alipitaje?" akauliza.

"Alipita vizuri," Bibi Doti alisema. "Alikuwa anayumba kidogo."

Wakarudi nyumbani taratibu, kwa mwendo wa goti la Bibi Doti. Wakanywa chai ya maziwa na mkate, kwa Mama, wote pamoja. Picha iliwekwa mezani, mahali ambapo wale watatu wangeweza kuuona mkate.

Jioni Mama akamvua Yusta viatu. Miguu ilikuwa inauma, wa kushoto na wa kulia. Mikono ilikuwa inauma zaidi.

Yusta aliuliza kama mwakani Bibi Doti atakuwa amepona. Mama alisema daktari anadhani atapona.

Yusta akasema hata akipona, yeye anaweza kumbeba tena. Bibi akae kwenye kona ya posta, na watu wote wapite mbele yake.

Mama alisema watamuuliza kesho. Lakini Yusta alikuwa ameshalala.

Na wewe unayesikiliza, nina ombi moja dogo. Huenda nyumbani kwenu kuna picha ya mtu usiyemjua. Kesho uliza anaitwa nani. Ukiambiwa jina lake, likumbuke.